Mvumo Ndani ya Kopo

Umeme ulipokatika, mvumo ndio uliotangulia kufa. Uzi wa gitaa ulifuata baadaye.

Priska alilisikia hilo kabla hajajua kwamba amelisikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani, gitaa la shemeji yake limemlalia mapajani, kidole gumba kikiugonga uzi wa tatu, uleule, tena na tena, kama alivyoagizwa. Shemeji Elisante alikuwa amepiga magoti mbele ya kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu, akizisogeza nyaya za ndani kwa mpini wa mwiko mkavu. Mvumo ulikuwa umejaa kibaraza kizima, mzito, kama wa nyuki waliochokozwa. Mara redio ya jirani ikanyamaza, friji ya duka la kona ikanyamaza, na mvumo nao ukakatika kama uliopitiwa na wembe. Lakini uzi wa tatu uliendelea. Ulilia peke yake, na ule mkwaruzo wake mtamu, safi kabisa, kwa kiasi cha mtu kuvuta pumzi, kisha ukazama taratibu hadi ukaisha.

"Mgao!" Elisante aliutupa mwiko. "Bwawani Mtera hakuna maji, sawa, tumesikia. Lakini saa waliyotangaza siyo hii!"

Priska akanyoosha shingo kulichungulia kopo.

"Usiguse ndani ya kopo," Elisante alimwambia, kama alivyomwambia kila siku. "Umeme ukikatika moto unabaki humo. Kapasita ni kama mtungi, inaweka akiba. Itakurusha mpaka Kondoa."

"Sawa, shemeji."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa nayo Priska kwa siku nyingi: sawa, shemeji, ndiyo, dada, abee. Aliacha shule darasa la tano, mwaka baba yake alipougua na mtama ukakauka shambani, na tangu hapo alijizoesha kuamini kwamba jambo ambalo watu wa shule hawajalisema, huenda si jambo. Sasa alikaa mjini, Area D, kwa dada yake Dorothea, akisuka nywele za wake za watumishi kibarazani asubuhi, na mchana, Elisante akirudi kutoka kazini, akimgongea uzi wa tatu.

Elisante alikuwa fundi mitambo katika ofisi moja ya serikali, na Jumapili alikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Miaka ile maduka yalikuwa yamefunguka, redio ndogo za plastiki zikawa zinamwagika kutoka Dubai kama mchanga, na watu wakawa wanazitupa zile redio kubwa za mbao zenye valvu za kioo. Elisante alikuwa akizipokea kama mtu anayepokea yatima. Kutoka katika moja alitoa valvu na transfoma, akavifunga ndani ya kopo, akaweka swichi ya kukanyaga kwa mguu. Ukipitisha gitaa humo, sauti iliingia laini ikatoka na makwaruzo, kama mtu anayeimba huku analia. Ndani ya valvu kulikuwa na kiwaya chekundu kilichoipasha moto. Elisante alikiita hita. Bila hita valvu ni kioo tu, alisema. Lakini pamoja na hita ulikuja mvumo, na mvumo haukutaka kuondoka.

Dorothea hakuipenda sauti ile. "Mume wangu, gitaa lilikuwa zuri, umeliambukiza mafua."

Priska aliipenda mpaka ikamnyima raha. Maana aliijua. Baba yake alikuwa mpiga marimba huko kwao, upande wa Bahi, na marimba ya Kigogo haikubali kulia sauti tupu. Ubaoni pana matundu, na juu ya matundu hubandikwa ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Chuma kikilia, utando unatetemeka, na sauti inapata makwaruzo yake. Tangu Priska ajue kutembea, kazi yake ilikuwa kutafuta utando. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiutoa ukutani kwa ncha ya mwiba, bila kuuchana, na baba akisema hakuna mtoto mwenye mkono mwepesi kama huu. Kuubandika aliruhusiwa. Kupiga, hapana. Kwao wanawake ni ngoma. Marimba na zeze ni vya wanaume. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyewahi kuhitaji kumkataza.

Baba alikufa, na marimba ikaliwa na mchwa. Kilichobaki ni wimbo wake mmoja, wimbo wa kuitia mvua, ambao Mwalimu Bartolomayo wa kwaya aliujua kwa sababu walikua pamoja. Mwalimu aliuvika maneno ya zaburi, na sasa Jumamosi alikuwa anakuja Ludovick kutoka Dar na mashine yake kuirekodi kwaya. Nyimbo zingetoka kwenye kanda, kanda ingeuzwa mpaka Singida, na wimbo wa baba ungekuwemo. Mwalimu alisema gitaa la kopo lipige pale palipokuwa pa marimba. Lakini alimwambia Elisante wazi, mbele ya wote: "Mvumo ule ukiwepo, Ludovick ataliondoa. Mashine haina huruma kama masikio yetu."

Kwa hiyo ilikuwa ama mvumo, ama sauti ya baba. Priska alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua kulisema.

Usiku ule na kesho yake lile la umeme halikumtoka. Mvumo ulitangulia. Au alisikia vibaya? Labda ndivyo vyote hufanya, na mafundi wanajua, na yeye ndiye wa mwisho kujua. Alitaka asikie tena. Upepo wa Agosti ulikuwa ukizungusha vumbi uwanjani, majirani wote wa Area D wakiomba umeme usikatike, na Priska peke yake akiomba ukatike, lakini ukatike wakati kopo linawaka na kidole chake kiko kwenye uzi. Haukukubali. Ulikatika Elisante akiwa kazini. Ulikatika wakati wa kula. Vidole vyake vikawa havitulii. Mama mmoja aliyekuwa akisukwa akashika kichwa chake. "We binti, unanisuka au unaning'oa? Macho yamepanda mpaka kwenye paji!"

"Samahani, mama."

Jumatano asubuhi Elisante, kabla hajaenda kazini, alimwekea kopo kibarazani. Alikuwa amelichomoa ukutani na kuumwaga moto wote wa kapasita kwa bisibisi. Cheche iliruka, Dorothea akapiga kelele jikoni.

"Sasa unaweza kugusa," alisema. "Sikiliza, shemeji. Nyaya za hita zimekaa ovyo, ndiyo maana zinapiga kelele. Zikisukwa pamoja, kelele ya huu inafuta kelele ya huu. Mimi vidole vyangu ni vya nyundo. Wewe ni msusi. Zisuke vizuri, nikirudi nilehemu."

Akapanda baiskeli, akaondoka.

Priska akatazama. Nyaya mbili za njano za hita zilitoka kwenye transfoma. Kando yao ulikuwepo waya mwembamba mwekundu. Tatu. Akafurahi, maana tangu lini mtu akasuka kwa mafungu mawili? Msuko ni mafungu matatu; huu juu, huu chini, huu katikati. Alisuka taratibu, akikaza kila pindo, msuko ukatoka mwembamba, sawasawa, unaong'aa kama wa bi harusi. Akamaliza, akaupitishia kidole, akaridhika.

Mchana umeme ulikuwepo. Elisante aliweka chuma chake cha kulehemu juu ya mkaa, kwa kuwa hakuamini tena umeme, akaungaunga kwa haraka bila kuangalia sana, akawasha amplifaya. Hiyo ilikuwa ya kanisa, ile ya mahubiri ya nje inayokula betri ya gari. Kopo tu ndilo lililokunywa umeme wa ukutani. Akachomeka.

Kibaraza kilinguruma. Kuku walikimbia. Dorothea alitoka na mwiko mkononi.

"Trekta!" alisema. "Nani kaleta trekta?"

Elisante alizima, akainama, akatazama ndani ya kopo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Priska alidhani anakasirika. Alikuwa anacheka.

"Shemeji. Huu mwekundu ni waya wa gitaa. Umeulaza kitanda kimoja na hita!"

"Ulisema nisuke," Priska alisema kwa sauti ambayo kuku wasingeisikia.

"Nilisema nyaya za hita. Mbili."

"Mbili hazisukwi, mume wangu," Dorothea akaingilia, akicheka mpaka akashika ukuta. "Mbili zinapotwa. Ulimwambia asuke, kasuka. Tena tazama msuko ulivyokaa, mimi hajawahi kunisuka hivyo!"

Priska alitamani ardhi immeze. Lakini alichukua kopo, akaufungua msuko wake mzuri, akautenga waya mwekundu upande wa pili kabisa wa kopo, na zile mbili za njano akazipota juu ya paja, kama bibi yake alivyopota kamba za kufungia ndama. Elisante akalehemu upya. Mvumo ulipungua kwa zaidi ya nusu. Wakatazamana. Lakini nusu nyingine ilibaki, chini, kama mtu anayenung'unika chumba cha pili.

"Labda Ludovick hatausikia," Elisante alisema. Alijua atausikia. Alizima amplifaya kwanza, kisha akachomoa kopo, kama afanyavyo fundi mwangalifu ili spika isipige mshindo. Na Priska, aliyekuwa akimtazama mikono, ndipo akatambua: hivi ndivyo anavyozima siku zote. Amplifaya kwanza. Ndiyo maana yeye hajawahi kusikia uzi ukibaki, na siku ile ya mgao hasira zilimziba masikio.

Maneno yalimfika kwenye meno. Dorothea alikuwa bado anacheka habari ya msuko. Akayameza.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya upepo, jasho likawatiririka ndani ya majoho. Ludovick alikuwa kijana mnene mwenye miwani, mpole, ila ana haraka. Alikuwa amesikia habari za mgao na aliitazama saa yake kila wimbo ulipoisha. Saa nane umeme unakwenda, na mashine yake haina betri. Nyimbo tano zilipita salama. Ukabaki ule wa mvua.

Elisante akakanyaga kopo. Ludovick akaweka mikono juu ya vipokea sauti masikioni, akafumba macho, kisha akainua kiganja.

"Kaka, hiki kitu umekitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hongera. Kweli kabisa, hongera. Lakini kinavuma. Hapa ukumbini mnaona kidogo, kwenye kanda kitakuwa kama sauti ya tano kwenye kwaya. Piga kavu, bila kopo."

"Wimbo huu kavu haupigwi," alisema Mwalimu Bartolomayo.

"Basi tuuache, mwalimu. Chagueni. Sina muda."

Mwalimu alitazama sakafu, akaamua. "Kavu."

Wakajaribu. Gitaa lilikuwa safi, tamu, limeoga. Akina mama wazee wa sauti ya pili, ambao wimbo ule ukianza mabega yao hucheza hata kabla hawajayaruhusu, walisimama wima kama nguzo za umeme. Priska, nyuma yao, alisikia mahali pa baba pakiwa patupu, kama kiti kilichotolewa mezani. Akamshika mkono Dorothea, aliyesimama kando yake.

"Dada. Umeme ulipokatika, mvumo ulikufa kwanza."

"Mvumo gani? Mimi sijui mambo ya kopo. Kamwambie mwenye kopo."

"Kamwambie wewe."

"Priska!" Dorothea alimgeukia, na safari hii hakucheka. "Una miguu. Nenda."

Aliipita mistari miwili ya majoho. Ukumbi wote ulimtazama, au yeye aliona hivyo. Akasimama mbele ya Elisante.

"Shemeji, siku ile umeme ulipokatika kibarazani. Mvumo ulikatika kwanza. Uzi ulibaki unalia. Na makwaruzo yake, yote. Mvumo peke yake ndio ulikwenda."

Elisante alimtazama. "Ulibaki muda gani?"

"Kama kuvuta pumzi."

"Kwa nini hukusema?"

Elisante hakusubiri jibu. Alimkabidhi gitaa. "Gonga wa tatu." Akakanyaga kopo, mvumo ukaja, uzi ukalia juu yake, na safari hii hakugusa amplifaya, alichomoa kopo ukutani. Mvumo ukafa. Uzi ukaendelea, bila kelele ile, na makwaruzo yake yote, ukazama. Mama mmoja mzee akasema, "Heee!"

"Tena," alisema Ludovick, akivua vipokea sauti.

Wakarudia. Elisante alikuwa ameanza kuzungumza peke yake, kama mafundi wanavyofanya. "Ule umeme wa volti kubwa nimeuchuja, kapasita ni mpya... valvu inabaki ya moto bila umeme, kidogo... kwa hiyo anayeleta mvumo ni hita, na hita haijali ipashwe na nani. Ipashwe na betri!" Akageukia amplifaya ya mahubiri na betri ya gari iliyokaa chini yake. "Valvu hii ukiunga miguu yake namna nyingine inakula volti kumi na mbili. Betri iko hapa hapa, mwaka mzima, naiangalia! Nani ana moto?"

Nje palikuwa na akina mama wa chai. Chuma cha kulehemu kikaingizwa kwenye jiko lao, wakakiangalia kwa mashaka kama nyoka kwenye chungu. Ludovick alitazama saa. Mwalimu Bartolomayo aliomba kwa Kigogo, kimyakimya, midomo ikicheza. Moto wa kapasita ulipokwisha kumwagwa, Priska alishika kopo kwa matambara wakati Elisante akizikata zile nyaya za njano ambazo Priska ndiye aliyezipota. Hazikuwa na kazi tena. Hakuhuzunika, mikono yake ilikuwa na kazi nyingine, kuzishika mbili mpya zisicheze risasi ya kulehemu inapoganda. Moshi uliwaingia machoni.

"Hii ikishindikana," Elisante alinong'ona, "narudi kupiga kavu mpaka nife."

"Haishindikani, shemeji." Lilimtoka kabla hajalifikiria.

Wakachomeka. Wakasubiri kiwaya kiwe chekundu. Kimya. Kimya hasa, mpaka upepo wa nje ukasikika kwenye bati.

"Haijawaka," alisema Ludovick.

Elisante akagusa uzi.

Ukumbi ulijaa utando wa buibui. Hivyo ndivyo Priska alivyosikia: weupe ule mwembamba ukitetemeka juu ya tundu. Kidole kilipoondoka, sauti iliondoka nayo, isiache unyayo. Ludovick alirudisha vipokea sauti masikioni haraka, akainua kidole, na mashine ikaanza kuzunguka.

Waliimba mara moja tu. Katikati, pale gitaa linapoingia mahali pa marimba, mama mmoja alishindwa kujizuia akapiga kigelegele kilichopanda mpaka darini. Ludovick aliruka kitini, lakini hakuizima mashine. Wimbo ulipoisha alisema, "Nani kapiga lile? Limeingia lote! Turudie."

"Liache, kijana," alisema Mwalimu Bartolomayo, akifuta macho kwa pindo la joho. "Wimbo huu haujawahi kwisha bila kigelegele."

Kabla Ludovick hajajibu, taa za ukumbi zilizimika. Mashine ikasimama. Watu wakacheka, wakaanza kuvua majoho, wengine wakikimbilia chai. Amplifaya bado ilikuwa hai kwa betri yake, na ndani ya kopo, kupitia matundu, Priska aliona kiwaya bado kinawaka, chekundu, hakina habari.

Elisante alikuwa akikusanya vifaa vyake, akicheka peke yake. "Amplifaya kwanza! Miaka yote najisifu mimi ni mwangalifu." Akanyoosha mkono bila kutazama. "Nipe gitaa, shemeji, twende tukale."

Priska alikuwa amelishika. Hakulitoa. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya uzi wa tatu, na vidole vya mkono wa kushoto, ambavyo havikuwa na ruhusa wala kazi, vilikuwa vimekwisha panda shingoni pa gitaa, vikitafuta mahali. Dorothea alikuwa anakuja na kikombe cha chai. Akina mama wa sauti ya pili walikuwa karibu, wanasikia. Baba alikuwa akisema mkono mwepesi, mkono mwepesi, na kila aliposema hivyo kulikuwa na neno ambalo Priska alilisikia likimgonga kinywani kwa ndani, tangu akiwa na mwiba na utando.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "nifundishe kupiga. Siyo uzi mmoja. Nyuzi zote."